Zamu ya Kushika Hema

Niseme mapema kabisa: mimi ni mtu wa kucheka. Si kutabasamu, ni kucheka, kile kicheko cha kutafuta ukuta wa kuegemea. Kwetu ni ugonjwa wa ukoo. Ulianza kwa bibi mzaa mama, mama akaurithi, halafu akatugawia mimi na dada yangu sawa kwa sawa bila kumpunja yeyote. Tulitolewa pamoja darasani, tukatolewa pamoja kwenye harusi ya mjomba, na siku moja, Mungu atusamehe, tukatolewa kwenye mazishi ya mtu tuliyempenda sana. Tukakua. Dada akawa muuguzi, na mimi nikawa karani wa kamati ya Bunge, kazi ambayo mtu analipwa ili asicheke.

Kamati yangu ndiyo inayoibana Wizara ya Mambo ya Nje: imezungumza na nani, imemnyamazia nani, na imepeleka nini pale majirani walipopatwa na balaa. Wajumbe wako tisa. Mimi nakaa kushoto kwa Mwenyekiti, nyuma ya kompyuta na daftari moja kubwa jekundu, naandika kila kitu na sisemi chochote. Kwenye jalada langu la utumishi kuna barua ya onyo. Niliipata mwaka jana, balozi mmoja alipoieleza Kamati kwa uso mkavu kwamba mazungumzo ya amani yalikwenda vizuri sana, ila upande wa pili haukufika. Nilijaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi. Wapi! Barua inasema nikirudia nitahamishiwa ghala la nyaraka, kule chini, ambako hata panya wamekata tamaa.

Sasa dada. Dada yangu yuko nchi jirani, kwenye kambi ya watu waliokimbia mafuriko, na shirika moja la misaada. Mto mkubwa wa kule ulipasua kingo zake ukazoa vijiji kumi na vitatu kwa wiki moja. Maji yalipoanza kushuka, serikali nayo ikapasuka. Leo ziko mbili. Moja iko mlimani na ina uwanja wa ndege, nyingine iko pwani na ina bandari, na kila moja inaapa kwamba yenyewe ndiyo serikali na ile nyingine ni genge la wahuni.

Kila Jumatano saa saba mchana, wakati wangu wa chakula, dada hunipigia simu. Mimi hukaa kwenye ngazi za nyuma ya mgahawa wa Bunge, sahani kwenye magoti, na tangu kabla ya mafuriko wapishi walikuwa wakijua ni Jumatano kwa kusikia kelele zangu tu. Lakini miezi minne sasa dada hakuwa akicheka. Nilikuwa namletea vituko vya wabunge, vile vizuri vizuri nilivyomwekea wiki nzima, ananijibu, "Ee, nakusikia."

Jumatano moja nikamuuliza, "Dada, una nini lakini?"

"Mdogo wangu, nyie mmetuletea nguo."

"Nguo gani?"

"Nguo ya hema. Mahema elfu mbili, mazuri, turubai zito, kamba zimo, vigingi vimo. Nguzo hazimo. Watu wanajifunika kama shuka. Mimi kwenye zahanati yangu nimeweka zamu: wanne kwenye pembe na mmoja mrefu katikati. Wanashika nusu saa, halafu wengine wanapokea. Jana nimezalisha mtoto huku kinyozi ameshika katikati. Alifumba macho kwa heshima, lakini mikono hakushusha."

Nikacheka. Ningefanyaje? Nilimwona huyo kinyozi amefumba macho, mikono juu, uso umegeukia mbinguni. Nikacheka mpaka sahani ikaanguka, na nilipopumua ndipo nikagundua kwamba nacheka peke yangu.

"Mvua zinaanza baada ya wiki mbili," dada akasema. "Turubai likilowa halishikiki. Ni zito mno." Halafu akasema kuna mtu anamwita, akakata.

Sijawahi kucheka peke yangu mbele ya dada. Niliona aibu, na nikaogopa.

Utaniambia, si umwambie mbunge mmoja tu, yaishe? Haiwi hivyo. Karani aliyeapa hapenyezi habari kwa mjumbe, na hata ningepenyeza, Wizara ingesema haya ni maneno ya dada wa karani, yakatupwa jalalani na mimi nyuma yake. Na Wizara ilikwisha leta taarifa yake: mahema, elfu mbili, yamefika, asilimia mia moja. Haukuwa uongo hata kidogo. Hapo ndipo palipouma. Ijumaa Kamati ilikuwa ikae kikao cha mwisho, ipitishe taarifa, ifunge jalada, kisha Bunge liende mapumziko ya miezi mitatu. Nguzo zingekuja kuulizwa mvua zikiwa zimekwisha.

Nilichokuwa nacho ni daftari jekundu tu.

Hilo daftari lina historia. Miaka ya nyuma Wizara iliwahi kujisifu kwamba imepeleka mablanketi mahali fulani penye baridi kali, kumbe yalikuwa na ukubwa wa taulo la kufutia uso. Kamati iliaibika, ikajitungia utaratibu ukaingizwa kwenye Kanuni: chochote kinachopelekwa kwa jirani, kimoja kiletwe chumbani kama kielelezo, na karani akiandike. Kuna nafasi nne za kujaza: jina, idadi, hali, na "matumizi kama yalivyoonekana na Kamati." Ile ya nne hakuna anayeijali. Sufuria zililetwa, hakuna aliyepika, nikaandika "kama kawaida." Vyandarua vililetwa, hakuna aliyelala, "kama kawaida." Lakini Kanuni inampa karani sentensi moja ambayo anaweza kuisema kikaoni bila kuulizwa: kielelezo hakijaonekana. Miaka kumi na moja kazini sikuwahi kuitamka.

Ijumaa saa nne asubuhi wakaingia. Waziri mbele, mtu wa suti safi na tabasamu la kupigiwa picha. Nyuma yake Katibu Mkuu wa Wizara, mpole, mrefu kupita kiasi, ambaye milango yote ya Bunge anaiinamia kama anaisalimu. Alibeba mfuko wa kijani, akauweka mezani. Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu wa ushonaji kabla ya siasa, na mpaka leo akikutazama unahisi anakupima mabega. Wajumbe wengine walikuwa wamekwisha ondoka rohoni. Mikoba ya safari ilikuwa miguuni mwao, na mmoja alishavaa raba. Aliyekuwa macho ni Mheshimiwa Utaratibu peke yake. Hilo si jina lake, ni jina tulilompa, maana hawezi kukaa dakika tano bila kusimama kuhusu utaratibu. Kanuni za Bunge hulala nazo kitandani. Mkewe mwenyewe ndiye aliyetwambia.

"Hema la familia," Waziri akasema, akaupiga ule mfuko kofi la kirafiki. "Yamefika yote. Ni fahari kwa taifa letu."

"Kuna swali?" Mwenyekiti akauliza.

Wajumbe wakatazama saa zao.

"Kama hakuna, Karani andika kielelezo tusonge mbele."

Nikafungua daftari. Jina: hema. Idadi: moja. Hali. Hapo kalamu ikagoma. Niliwaza ghala la nyaraka, nikawaza panya, nikamwaza kinyozi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto aliyetumwa dukani, "kielelezo hakijaonekana."

Mheshimiwa Utaratibu akaruka kama amekalia pini. "Kanuni ya arobaini na mbili!" akapiga kelele, macho yanamwaga machozi ya furaha. "Jamani! Nimeingia Bunge hili awamu tatu sijawahi kuisikia ikitamkwa!"

"Si hiki hapa kinaonekana?" Waziri akasema.

Mwenyekiti akavua miwani. "Ninachoona mimi ni mfuko, Mheshimiwa Waziri. Lisimamisheni."

"Humu ndani?"

"Watu wa kule mliwapa uwanja wa kufanyia mazoezi?"

Basi Katibu Mkuu akafungua mfuko, akatoa karatasi ya maelekezo, akaanza kusoma kwa sauti ya kusoma hotuba. "Hatua ya kwanza. Tandaza turubai." Wakatandaza. Turubai lile lilikuwa na tamaa kuliko chumba. Lilipanda meza, likaangusha chupa za maji, likazima vipaza sauti vitatu, likamfunika Mheshimiwa Utaratibu mzima mzima. Tukaona nundu moja inatembea huku na huku chini ya kitambaa.

"Mwongozo wa Mwenyekiti!" nundu ikasema. "Je, mjumbe aliye chini ya kielelezo anahesabika katika akidi?"

"Anahesabika akinyamaza," Mwenyekiti akajibu.

Nilijikaza kisabuni. Niliuma kalamu, niliuma mkono, nilijikumbusha kodi ya nyumba. Mbavu zilikuwa zinaniwaka.

"Hatua ya pili," Katibu Mkuu akaendelea. "Chomeka nguzo ya kati." Akageuza karatasi nyuma. Akachungulia ndani ya mfuko, akaukung'uta. Vikaanguka vigingi, kamba, nyundo ndogo ya mbao, na kadi ya kuwatakia wahusika makazi mema.

"Nguzo ziko wapi?" Mwenyekiti akauliza.

"Nguzo, Mheshimiwa Mwenyekiti," Waziri akadakia, "ni suala la awamu ya pili."

"Katibu Mkuu, wewe una urefu gani?"

Katibu Mkuu akasema ni mita mbili kasoro kidogo.

"Ingia."

Mtu mzima yule, mwenye shahada tatu na gari la Serikali, akapiga magoti akatambaa chini ya turubai. Katikati ya chumba kitambaa kikaanza kuinuka, kikainuka, mpaka mikono yake ikanyooka juu. Mwenyekiti akaanza kugawa kazi kama yuko darasani: mjumbe wa raba pembe ile, Mheshimiwa Utaratibu pembe hii, mwenzake pale dirishani, Waziri mlangoni. Vuta! Vuta zaidi! Na kweli, hema likasimama. Lilikuwa zuri, kubwa, la kijani, limejaa chumba chote, na kwa sekunde kadhaa watu walifurahi kama watoto waliojenga nyumba kwa matakia.

"Limesimama," Waziri akasema haraka. "Karani, andika."

"Karani asiandike," Mwenyekiti akasema. Akavuta kiti chake mpaka ndani ya hema, akakaa, akaniita na mimi niingie na daftari langu. "Mliandika kwamba familia zitakaa humu muda gani?"

"Miezi sita, Mheshimiwa Mwenyekiti," likajibu kwapa la Katibu Mkuu.

"Sisi tutakaa mpaka nipate majibu. Hakuna kuachia. Kikao kinaendelea."

Dakika ya kwanza ilikuwa sherehe. Waziri alitania kwamba hajawahi kubeba mzigo wa taifa kwa vidole. Dakika ya tatu mjumbe wa raba akaomba kubadilisha mkono. Dakika ya tano Mheshimiwa Utaratibu, kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe, hakuwa na la kusema. Kicheko kilikuwa kimenifika kooni kabisa. Nilikuwa najiambia nikifika dakika ya kumi bila kupasuka nitajinunulia viatu. Halafu nikainua macho nikaiona mikono ya Katibu Mkuu. Ilikuwa inatetemeka kuanzia kwenye kiwiko. Jasho jembamba lilikuwa linashuka kwenye sikio lake, na hakuwa na mkono wa kulifuta.

Kicheko kikaniisha pale pale. Kinyozi anashika nusu saa. Anashika wakati mtu anajifungua, na zamu yake ikija tena anarudi. Na mimi nilikuwa nimemcheka.

"Katibu Mkuu," Mwenyekiti akasema taratibu, "nguzo ziko wapi?"

Mtu mwenye mikono juu hana pa kuficha maneno. Akasema yote. Nguzo ni za chuma, nzito kwa ndege, kwa hiyo mahema yalipanda ndege na nguzo zikapanda meli. Meli ikiwa bado baharini, nchi ya watu ikagawanyika. Mahema yakashukia uwanja wa ndege wa mlimani, nguzo zikashukia bandari ya pwani. Nguzo elfu kumi ziko ghalani bandarini hadi leo, nzima, hazijaguswa.

"Na kwa nini hazitoki?"

"Mtunza ghala anataka barua ya mwenye mali, Mheshimiwa. Ndiyo desturi ya ghala lolote. Malori ya shirika la misaada yapo, yanapita pande zote mbili. Wote huko wanaumwa, hakuna anayezuia dawa. Ni barua tu."

"Kwa hiyo mmeshindwa kuandika barua."

"Tumeandika rasimu kumi na tisa!" Katibu Mkuu akasema kwa uchungu wa kweli. "Barua yenyewe haina shida. Shida ni nani wa kumwandikia. Tukiiandikia Serikali ya pwani, tumeitambua, wale wa mlimani watamfukuza balozi wetu. Tukiwaandikia wa mlimani, hawana bandari. Rasimu ya kumi na nne tuliandika 'Kwa Yeyote Anayehusika', mwanasheria akasema kuhusika nako ni aina ya kutambuliwa."

Miezi minne! Watu wanalala chini ya kitambaa, na kisa ni mstari wa kwanza wa barua. Nilikasirika mpaka masikio yakanipata moto.

"Ni jambo nyeti la kidiplomasia," Waziri akasema kutoka mlangoni, akihema.

"Kilicho nyeti kwa sasa ni bega lako," Mwenyekiti akamwambia. "Usishushe."

Ndipo ile pembe ya kulia ikakohoa. "Kuhusu utaratibu," ikasema.

Wajumbe wote waliguna. Mimi mwenyewe niliguna.

"Kanuni ya arobaini na mbili ina fasili ya pili," Mheshimiwa Utaratibu akasema, uso umemwiva, mikono inamcheza. "Kielelezo kikionekana hakijakamilika, Karani wa Kamati atamwandikia mtu yeyote aliyeshika sehemu iliyobaki, popote alipo, kumtaka aitoe. Mtu yeyote! Haisemi serikali, Mheshimiwa Mwenyekiti. Bunge halitambui serikali ya nchi yoyote, hiyo si kazi yetu. Bunge linamwandikia mtu. Na fasili ya tatu inasema taarifa haifungwi mpaka kielelezo kikamilike."

Ningeweza kumkumbatia, isipokuwa alikuwa ameshika pembe.

"Aliyeshika sehemu iliyobaki ni nani?" Mwenyekiti akauliza.

"Mtunza ghala," Katibu Mkuu akanong'ona.

"Ana serikali?"

"Ana ghala, Mheshimiwa."

"Basi Karani aandike. Na kwa kuwa chumba hiki ni kidogo, Kamati inaelekeza kielelezo kikamilishwe huko huko kambini, chote, mahema yote elfu mbili. Hili la hapa ni mfano tu. Nani atathibitisha kwamba yamesimama?"

"Kuna muuguzi mkuu wa kambi," Katibu Mkuu akasema.

Nikajua ndipo hapo. Ningeweza kunyamaza, kunyamaza ndiyo kazi yangu. Lakini kama ingekuja kujulikana baadaye, barua, nguzo na kila kitu vingetupwa. Nikaweka kalamu chini. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba iingie kwenye kumbukumbu. Muuguzi huyo ni dada yangu, tumbo moja."

"Ahaa!" Waziri akasema. "Kumbe!"

Mwenyekiti alinipima mabega. Kisha akamgeukia Waziri. "Mheshimiwa Waziri, Karani amesema sentensi moja asubuhi hii, nayo imo kwenye Kanuni. Mengine yote mmeyasema nyie. Karani, dada yako anajua kuona hema limesimama au limelala?"

"Anajua, Mheshimiwa."

"Inatosha. Andika. Fupi, watu wamechoka."

Nikaiandikia gotini, mle mle hemani. Kwa Mtunza Ghala, Ghala la Bandari. Ndugu, tunaomba utoe nguzo elfu kumi za mahema ulizotutunzia, uwape madereva wa shirika watakaokuletea barua hii. Tunakushukuru kwa kuzitunza vizuri. Karani wa Kamati. Nikagonga mhuri kwenye paja la suruali yangu kwanza kwa papara, kisha kwenye karatasi. Mwenyekiti akasema, "Achieni," na hema lote likatuangukia vichwani, sisi sote, Serikali na Bunge, na nilisikia gizani watu wazima wakicheka hovyo hovyo kila kona. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeikumbatia ile karatasi isije ikakunjamana.

Barua ikaondoka mchana ule ule na gari la shirika. Wabunge wengine wakaenda makwao mapumzikoni. Wa kwangu tisa wakabaki, wamenuna, mikoba miguuni, kwa sababu taarifa haifungwi. Kila siku saa nne tulikutana kwa dakika tano. Turubai tulilikunja tukaliweka kwenye kiti cha mashahidi.

"Karani, hali ya kielelezo?"

"Kimelala, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Tukutane kesho."

Siku ya nne habari zilikuja kwamba mtunza ghala ameipokea barua, akaisoma mara tatu, akauliza ni nani huyu anayemshukuru. Siku ya sita akaanza kuhesabu nguzo moja moja. Siku ya nane lori la kwanza likakwama kwenye tope. Mjumbe wa raba alianza kuniuliza korido nzima, "Imekuwaje? Wamelitoa?" na Katibu Mkuu, ambaye hakuitwa, alikuwa anakuja kila asubuhi na kukaa nyuma kimya, akijisugua mabega. Mimi usingizi nilikuwa nauona kwa wenzangu.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumatano, ile Jumatano ya mvua. Mwenyekiti alisogeza kikao mpaka saa saba bila kueleza sababu. Tukaketi. Simu yangu ilikuwa mezani, wazi, kwa ruhusa yake. Saa saba na dakika mbili ikaita.

"Weka wote tusikie," Mwenyekiti akasema.

Nikabonyeza. Kwanza tulisikia kelele moja kubwa tu, ya matone mazito yanayopiga kitambaa kilichovutwa vizuri. Hakuna aliyeuliza ni nini.

"Mdogo wangu, unasikia?" dada akapaza sauti.

"Nasikia. Dada, kuna Kamati nzima hapa inakusikiliza."

"Shikamooni wote. Yote yamesimama. Lori la mwisho lilishusha usiku. Zahanati tuliisimamisha jana jioni. Sasa sikia." Akavuta pumzi. "Leo asubuhi wenye zamu wamekuja. Nilisahau kuwaambia zamu zimekwisha. Wameingia watano, kila mtu kwenye pembe yake, na kinyozi akaenda katikati akasimama ubavuni mwa nguzo, akainua mikono juu. Hema limesimama lenyewe, na yeye kaishika hewa! Nikamwambia, kinyozi, shusha mikono. Akanitazama. Akaniuliza, 'Sasa niiweke wapi?'"

Na dada akacheka. Kilianza kidogo, kikapanda, kikawa kile cha kwetu chenyewe, cha bibi, cha kutafuta ukuta, kikachanganyika na mvua, na nadhani ndani yake mlikuwa na kilio pia, maana miezi minne ni mingi. Nilijaribu kuzuia kwa sekunde moja. Nikaacha. Nilicheka mpaka paji la uso likagonga daftari, nikasikia meza nzima inatikisika, Mheshimiwa Utaratibu anapiga miguu sakafuni, na kule nyuma Katibu Mkuu ameshika uso kwa mikono yake miwili mirefu.

"Karani," Mwenyekiti akasema alipoweza kusema, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio wake. "Hali ya kielelezo?"

Nikachukua kalamu. Mkono ulikuwa unaniruka, mwandiko wa siku ile mpaka leo hausomeki vizuri. Jina, hema. Idadi, elfu mbili. Hali, kimesimama. Nilipofika nafasi ya nne nilitaka kuandika kama kawaida, nikaona haifai.

"Dada," nikauliza, "kinyozi sasa hivi anafanya nini?"

"Yupo hapa mlangoni," akasema. "Amekaa chini. Anamnyoa mtu."

Nikaandika hivyo.